Gitaa la Mbao ya Odera

Walililaza gitaa chali juu ya meza yangu ya kukatia nguo, wakalichora kwa chaki yangu. Mume wangu Wakoli alilishika shingo lisiteleze, kaka yangu Wekulo akaizungusha chaki ukingoni polepole huku ametoa ulimi kidogo, na mimi nikasimama mlangoni na suruali ya mtu mkononi, nikingoja wamalize nipate pa kufanyia kazi. Hakuna aliyeniambia samahani. Gitaa lenyewe lilikuwa jekundu, limeng'arishwa hadi unaona dirisha ndani yake, na kichwani pake palikuwa na sahihi ya dhahabu. Jina la mpiga gitaa mmoja wa ng'ambo ambaye sisi sote mle ndani hatukuwahi kumwona wala kumsikia redioni. Jina hilo ndilo lililokuwa likiuzwa. Mbao na nyuzi zilikuwa nyongeza tu.

Hiyo ilikuwa sabini na saba, Kawangware, upande wa Gatina, katika chumba cha mabati kwenye ploti ya Muigai. Gitaa halikuwa letu. Lilikuwa la Nyamai, Mkamba aliyepiga kwenye hoteli moja ya mjini, naye alimwazima Wakoli kwa sababu walikuwa wamelala njaa pamoja walipokuwa vijana. Wanaume hukumbuka mambo kama hayo. Njaa waliyolala na wake zao hawaikumbuki.

Chanzo cha yote kilikuwa Muigai. Alikuwa anafungua baa mpya Riruta Satellite, akitaka bendi ya bugi, dansi la Jumapili mchana, watu watoke kanisani wapitie kwake. Alimpenda Wakoli, lakini gitaa la Wakoli lilikuwa na ufa uliofungwa kwa utepe wa umeme, na Muigai alimwambia waziwazi kwamba hatamweka jukwaani na kitu kama hicho. Alitaka gitaa lenye jina, kama la bendi za mjini. Wakoli alirudi nyumbani akaketi kitandani, akaikodolea macho cherehani yangu. Nilimwona alivyoitazama. Mwanamume akiangalia kitu chako namna ile ujue ameshakiuza, kilichobaki ni kukupa habari.

Sasa niseme kuhusu cherehani hiyo, maana wengine watafikiri nalilia chuma. Nilifanya kazi ya yaya Lavington kwa mama mmoja Mzungu, na alipofunga mizigo kurudi kwao baada ya Uhuru alinipa cherehani yake ya miguu. Sikuolewa nayo, sikuirithi, sikupewa na Wakoli. Chakula cha chumba kile kilitoka pale, na viatu vya binti yangu Nekoye, na hata nauli ya Wakoli ya kwenda mazoezini. Katika ndoa ile, ni kitu kimoja tu ningeweza kuita changu, na ndicho hicho.

Basi nilifunga mlango nikaenda Kibera, Kisumu Ndogo, kwa Wekulo. Kaka yangu alikuwa fundi wa majeneza, na fundi hodari. Nilimkuta akipiga randa, nikamwambia bila hata kuketi amtengenezee shemeji yake gitaa, la sivyo cherehani yangu inaondoka. Alicheka kwanza. Halafu akaona mimi sicheki, akaweka randa chini. Babu yetu kule Bungoma alikuwa mpiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi, na litungu lake alilichonga mwenyewe, akawamba ngozi mwenyewe. Kwetu mpigaji alikuwa ndiye mchongaji, hata wazo la kwenda dukani halikuwapo. Wekulo alisema gitaa ni litungu lililopata stima. Atajaribu.

Na alijaribu kweli. Alichonga kiwiliwili na shingo kwa mvule, mbao nzito yenye nyuzi zilizonyooka, nzuri mno kufichwa chini ya rangi. Mutiso, fundi wa redio pale kituo cha basi, alizungusha nyaya nyembamba za shaba juu ya sumaku mpaka zikaweza kunasa sauti. Rangi nyekundu waliipaka mara nyingi, wakiisugua kila ikikauka. Sahihi niliinakili mimi, kwa karatasi ile ile ninayotolea vipimo vya kola, kisha kwa brashi ndogo. Wekulo hakupenda. Aliuliza kwa nini jina la mtu ambaye hajashika hata kipande cha msasa likae juu ya kazi yake, na Wakoli akamjibu kwamba bila jina Muigai hafungui mlango. Kaka yangu akarudi kusugua rangi. Nilidhani amekubali.

Nyamai alipokuja kuchukua lake aliketi nyuma ya pazia letu la kitanda na magitaa yote mawili, akapiga hili, akapiga lile, wimbo mmoja, na Wakoli akaambiwa ataje lipi ni lipi. Alikosea. Wakarudia, akakosea tena. Nyamai alicheka hadi akakohoa, akatoka nyuma ya pazia akampa Wekulo mkono kama unavyompa mtu aliyefaulu mtihani. Mimi nilifurahi nikawapikia chai ya maziwa. Cherehani ilikuwa pale pembeni, imekaa salama, na niliitazama kama mtoto aliyepona surua. Wakoli peke yake hakucheka.

Bugi ya Satellite ilishika moto. Tangu mwanzo vijana walijaa, wakisogea karibu na jukwaa ili wasome jina, na wengine waliomba waliguse. Mmoja alilibusu. Muigai alisimama kaunta mikono kifuani, akiwaambia wageni wake kwamba gitaa lile si la mchezo, limetoka ng'ambo. Wakoli alipiga vizuri sana siku hizo, hilo siwezi kumnyima. Na kaka yangu aliketi kila Jumapili kwenye kona ile ile na chupa yake, akisikiliza watu wakisema Mzungu bwana, akitengeneza kitu ametengeneza.

Kama mtu angemnong'oneza tu, hongera Wekulo, nadhani angevumilia. Wakoli hakumwambia kitu. Jukwaani alishukuru Mungu, Muigai na wapenzi wa muziki. Jumapili moja, karibu na Krismasi, Wekulo aliinuka, akapanda jukwaani wimbo ukiwa katikati, akashika kipaza sauti. Aliwaambia watu kwamba gitaa lile ni la mvule, lilizaliwa Kibera, mikononi mwake, na kama kuna anayebisha akwaruze rangi aone. Halafu watu wakapiga makofi. Nilikuwapo, niliyasikia kwa masikio yangu, makofi ya kweli, na nyusi za Muigai zilikuwa zimeanza kulegea. Kaka yangu alisimama pale anatabasamu na machozi yanamlenga. Laiti ingeishia hapo.

Mlangoni palikuwa na Awiti. Alikuwa mjane wa Kisumu Ndogo, muuza omena, na Jumapili alikuja Satellite kukaangia walevi samaki. Aliingia ndani na mafuta mikononi, akapita katikati ya watu, akasimama mbele ya jukwaa.

"Wekulo," alisema, "hiyo mbao ulitoa wapi?"

Kaka yangu alisema mbao ni mbao, hutoka msituni.

"Wewe ulikuwa na mvule siku gani? Mvule ililetwa kwako na mimi."

Kila mtu wa Kibera aliyekuwa mle ndani alielewa papo hapo. Wa Kawangware wakaelezwa na walio karibu. Mumewe Awiti, Odera, alikuwa mtu wa reli, na alipofariki wenzake walimchangia mbao za mvule ili asisafirishwe kwao Gem ndani ya mbao za masanduku ya chai. Na mafundi wa majeneza wa Kisumu Ndogo walikuwa na desturi yao, Mluo, Mluhya, yeyote yule: mbao iliyoletwa kwa ajili ya maiti haifanyi kazi nyingine. Kipande kikibaki, kinafungwa pamoja na jeneza juu ya basi, kinakwenda naye, kinawekwa kaburini. Ndiyo maana watu walithubutu kumkabidhi fundi mbao za bei. Wekulo alikuwa ameona kipande kile, kirefu, kizuri, akamwona dada yake amesimama mbele yake hacheki, akaamua Odera hatakihitaji.

"Uliniambia haikubaki," Awiti alisema.

Wekulo angeweza kudanganya, angeweza kusema ni mvule nyingine, nani angejua chini ya rangi? Lakini alikuwa ameshika kipaza sauti na watu wote walimsikia akipumua.

Yule kijana aliyelibusu alitoka nje kutema mate. Wasichana walijifuta viganja kwenye sketi. Muigai, shemasi wa kanisa, mtu wa kuvaa tai, alikwenda mwenyewe kuchomoa waya ukutani, akamwambia Wakoli kwa sauti ya chini kwamba amemdanganya mara mbili na hajui ipi ni mbaya zaidi. Wakoli alilivua lile gitaa haraka, akaliweka chini akarudi nyuma. Awiti alilifunga kwa leso yake, akalipakata. Hakumtukana mtu. Nilisikia baadaye alilipeleka Gem kwa basi, likazikwa ubavuni mwa Odera na sumaku zake na sahihi yake niliyoinakili.

Nyumbani nilimwambia Wakoli tumpate fundi mwingine na mbao safi. Alisema amechoka na vitu vya kuchongwa. Nilimkumbusha Nyamai nyuma ya pazia. Nilimwambia, wewe mwenyewe ulishindwa kutofautisha.

"Nilishindwa," alisema. "Lakini watu hawalipii sauti, Sella. Wanalipia jina."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na Nekoye. Tuliporudi, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, mahali pasipofagiwa miaka yote, na Wakoli hayupo. Alikuwa amemuuzia Wangoi, mke wa Muigai, aliyetaka kufungua duka la ushonaji Satellite. Nekoye aliniuliza tutalala njaa? Nilimpiga kofi mtoto wa watu bure, kisha nikaketi chini pale kwenye alama, nikalia kwa hasira. Nasema hasira, si huzuni. Huzuni ilikuja baadaye.

Gitaa jipya, la dukani, lenye sahihi ya kweli, nilikwenda kulisikiliza kwa Muigai. Nilijipeleka kwa miguu yangu, nikasimama nyuma ya umati, maana watu walikuwa wamerudi wote, na yule wa kubusu pia. Nilisikiliza kwa bidii kuliko mtu yeyote pale. Nilitaka liwe bora. Nilimwomba Mungu liwe bora hata kidogo, ili nijue cherehani yangu imekwenda kununua kitu. Lilikuwa na sauti ile ile. Watu walipiga kelele za furaha, na mimi nikatoka nikatapika nyuma ya baa, nikiwa sijaonja pombe.

Mengine ni mafupi. Watu wa Kibera waliacha kumpelekea Wekulo maiti zao, akarudi Bungoma kutengeneza vitanda, na mpaka anakufa tulisalimiana tu kwenye matanga. Wakoli alichukuliwa na bendi ya mjini, wakaenda kupiga Nakuru, Eldoret, Kitale, na kila safari ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, mpaka moja haikuwa na kurudi. Mimi nilikwenda kuomba kazi kwa Wangoi. Alinikaribisha vizuri, akaniketisha kwenye cherehani yangu, akaanza kunielekeza. Alinionya kwamba ile mashine ina kichaa kidogo, uzi hukatika ukikanyaga kwa haraka, niizoee taratibu. Nilimwambia, asante, mama, nitaizoea.

Nilikuwa nimeizoea kwa mwaka na zaidi siku alipoingia mpiga ngoma wa bendi ile kuagiza mashati ya jukwaani, ya bluu, kola kubwa. Alileta vipimo vya wenzake wote isipokuwa vya mpiga gitaa. Alisema yule ni mtu wa shughuli nyingi, hakupatikana. Mpiga ngoma alikuwa mgeni Satellite, hakunijua. Wangoi alijua, akainamisha macho kwenye kitambaa, akasema shati hilo liache, aje mwenyewe apimwe.

"Hakuna haja," nilisema.

Nilikata shati la Wakoli bila kumpima. Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kwa sababu ya mkanda wa gitaa, na shati la dukani lilimkunja pale siku zote, kwa hiyo upande huo niliushusha kidogo na kuupa nafasi. Nilikanyaga polepole, uzi haukukatika. Wangoi alilichukua, akaligeuza ndani nje, akavuta mishono kwa kucha, akasema ni kazi safi, akaliweka juu ya mengine.