Kazi ya Kufanyia Nyumbani

Munira alifunga mlango mchana kweupe, akafunga na dirisha, joto la mabati likabaki nao humo ndani. Samira, binti yake wa miaka mitatu, alikuwa kwenye mkeka akilivisha gunzi la mahindi kipande cha kitenge. Kwenye kiti palikuwa na kompyuta ndogo ya bureau, ofisi ya shirika la misaada alilolifanyia kazi. Ndani yake mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Lubondja alikuwa akisimulia kwa sauti ya chini, na kazi ya Munira ilikuwa kumsikiliza na kuandika kila neno kwa Kifaransa.

“Tulijificha ndani ya mihogo,” sauti ilisema. “Balipita karibu. Mi nikamufunga mutoto wangu Bahati kinywa na mukono. Nikamuambia, nyamaza Bahati, bakisikia batakuja. Akanyamaza. Bale bantu balipoenda, nikatoa mukono. Nikamuita. Bahati? Bahati?”

Munira alisimamisha, akaandika. Neno moja hakulishika vizuri, akarudisha nyuma. Bahati? Bahati? Akarudisha tena.

Kabla ya kuzaa aliifanya kazi hii bureau, ndani ya chumba chenye feni, na waya za kusikilizia masikioni. Alipojifungua akarudi na mtoto mgongoni, akaambiwa mtoto anasumbua. Shirika hilo, ambalo magari yake yamechorwa mama aliyepakata mtoto, halikuwa na pa kumweka mama mwenye mtoto. Wakampa jina jipya: prestataire. Jina tamu kweli. Maana yake kazi ni ileile, ila ukiugua shauri yako, ukizaa shauri yako, umeme nao shauri yako. Waya za kusikilizia, zile écouteurs, ziliharibika wakati wa mvua. Alipoomba nyingine aliambiwa prestataire hujinunulia vifaa. Basi sauti za akina mama wale zikatoka nje, zikajaa nyumba.

Mtoto angemwacha kwa nani? Mumewe, Swedi, alikwenda Misisi kuchimba dhahabu, na simu yake haipatikani tena. Mama yake yeye mwenyewe alikwisha kumzika. Majirani kukicha wako shambani au ufukweni wakianika ndagala. Na hata kama angepata baraza la mtu la kukalia, alikwisha kusaini kwamba sauti zile hazitasikiwa na mtu mwingine. Samira hakuhesabiwa kuwa mtu.

“Nyamaza, Bahati,” Samira alinong'ona pale kwenye mkeka. Alikuwa ameliziba gunzi kwa kiganja, upande ambao kwake ulikuwa uso. Akangoja. Akaondoa mkono. “Bahati? Bahati?” Kisha akalifunika kitenge lote, akalilaza, akacheka, akaanza upya.

Munira aliuona mchezo huo tangu siku ya kwanza. Aliwahi kumchapa mtoto kwa ajili yake, halafu akalia mwenyewe kwa kujua aliyestahili kuchapwa si huyu. Aliwahi kulitupa gunzi. Samira akachukua ndala. Kumwambia mtu hakuweza, maana kusema ni kukiri kwamba siri imevuja.

Pikipiki ikazimwa nje. Alikuwa Wilfried, msimamizi wake wa bureau, mtu mpole, mwenye viatu safi hata nyakati za matope. Alisema anapita kuangalia kazi imefika wapi. Munira akampa kiti. Samira hakuacha mchezo wake kwa sababu ya mgeni.

Wilfried alisikiliza, akageuka taratibu.

“Mama Samira, hii jina mutoto amelipata wapi?”

“Chef, mi niliomba écouteurs. Mara mingi niliomba.”

“Sikuuliza écouteurs. Siri ulisaini, ao haukusaini?”

“Nilisaini.”

“Na huyu ni nani?”

“Ni mutoto, Chef. Ningemupeleka wapi?”

“Iyo si shida ya bureau. We si agent, we ni prestataire. Nikiandika hii kintu, kazi yako imeisha leo.”

Munira alipiga magoti. Alichukia magoti yake yalivyokunjika haraka.

“Chef, nakuomba. Na tena mutoto halale muzuri. Anashituka, anaita uyo Bahati, anataka tumufungulie mulango. Munipatie ata fasi kidogo ku bureau, ata pa veranda. Asiendelee kusikia bile bintu.”

Wilfried alikuwa anamtazama Samira, na hasira ilikuwa imemtoka usoni, pakaingia hesabu.

“Babailleurs, bale banaleta feza, bameomba sauti ya batoto,” alisema. “Rapport inaenda juma hii, na atuna ata mutoto moya. Bale ba bakimbizi, ukibaonyesha tu simu, bananyamaza.” Akachuchumaa, akatoa simu yake, akaiweka irekodi, akatoa na biskuti. “Samira, cheza tena, tonton asikie.”

Samira hakuwa amewahi kupata mtu mzima wa kumtazama akicheza. Alianza mwanzo kabisa, kwa bidii. Akaliziba gunzi. Akanong'ona. Akaita. Alipomaliza akacheka, akanyoosha mkono apewe biskuti.

“Chef, huyu hakukimbia fasi yoyote,” Munira alisema. “Amezaliwa hapa Baraka.”

“Sauti haionyeshe fasi muntu anatoka. Mi leo sikuona kintu. Kazi yako inabakia. Kesho nakutumia hii, unaiandika sawa zile zingine.”

“Na pale anacheka?”

Wilfried alikuwa anavaa kofia yake ya pikipiki.

“Pale andika analia.”

Mwenye nguvu mpishe, wanasema. Hawakusema umpishe mpaka kwenye mkeka wa mwanao. Munira alitaka kumwambia atoke asirudi tena. Neno likafika kwenye meno. Akamfungulia mlango, akasema aksanti.

Kesho yake asubuhi sauti ilikuwa imefika, na juu yake pameandikwa: msichana, mkimbizi, kutoka Lubondja. Munira alifunga mlango, akafunga dirisha. Aliandika mstari kwa mstari, maneno aliyoyajua kwa moyo, bila kurudisha nyuma hata mara moja, jambo ambalo lilimtia uchungu kuliko yote.

Samira aliacha biskuti, akasogea, akaweka sikio karibu na kompyuta.

“Mama, ule mutoto ni wa nani?”

Sauti ikafika mwisho.

“Mama, anacheka nini?”

Munira aliandika: analia.