Wewe ni wa Jinsi Gani?

Saa nne kasoro robo asubuhi, darasa la mwisho lilikuwa limejipanga kwenye korido ya ofisi kungoja kuhojiwa na kompyuta. Programu iliyokuwa ndani iliitwa Mshauri. Walimu wa ufundi waliostaafu walikuwa wamemjaza yote waliyoyajua, naye alimsikiliza mwanafunzi, akamchapishia kazi ya teknolojia inayomfaa. Watano wa juu walikwenda chuo cha ufundi.

Mwalimu mkuu hakuwa na raha naye. Mwaka uliopita Mshauri alichagua wasichana wanne kati ya watano. Alifundishwa kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili "anaweza" ni anaweza tu. Huwezi kujua ni wa kike au wa kiume. Basi karani akaagizwa aongeze swali la jinsia. Karani, chai mkono mmoja, aliruka herufi.

Ndiyo maana Bisibisi, msichana aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna redio mtaani ambayo hakuifungua, alipokaa tu kioo cha kompyuta kikamuuliza: "Wewe ni wa jinsi gani?"

"Hili najibuje?"

"Jibu ulivyo, mwanangu," karani akasema. "Watu wanangoja."

Akajibu alivyo, vidole mbio. Kwamba yeye ni wa kufungua kwanza na kuuliza baadaye. Kwamba mtambo ukinguruma popote, moyo nao unajibu. Kwamba cherehani ya mama yake inatembea kwa waya wa mwavuli, na aliyeutia ni yeye.

Mshauri akatoa karatasi: Mhandisi wa mitandao. Wa kwanza.

Papo hapo simu zote za korido zikalia. Shule na mtaa wote vilikuwa bondeni, mtandao ulikuwa haujawahi kufika; kusoma ujumbe ni kupanda mlimani. Sasa ujumbe wa wiki mbili ulimiminika kwa mpigo.

"Mtandao ni Bisibisi huyo," karani akasema, akisoma wake. "Usiende mbali."

Alikwenda nyumbani mbio. Njia nzima watu walitoka milangoni na simu zao, wakamsindikiza wakiongea na ndugu zao.

"Mama, nimekuwa wa kwanza!"

"Nimeshapigiwa na watu saba tangu ulipokata kona," mama akasema, pini mdomoni, simu sikioni. Akacheka mpaka pini zikamtoka, akamkumbatia. "Mhandisi wangu! Hebu sogea dirishani, mteja ananikatikia."

Ijumaa mwalimu mkuu alimwita ofisini. Bisibisi akaja na viatu vilivyong'arishwa.

"Simama hapo karibu, nipige chuoni."

Akasimama. Mwalimu mkuu akakieleza chuo kwamba programu ilitiwa swali moja lenye kosa, kwa hiyo orodha ameipanga mwenyewe. Akaanza kusoma majina. La kwanza lilikuwa la mvulana. La pili na la tatu pia.

"Na mimi, mwalimu?"

Akamwashiria kwa kidole anyamaze.

Bisibisi akarudi nyuma hatua tatu, mtandao nao ukarudi naye. Simu ikakatika kwenye jina la nne.

Mwalimu mkuu hakukasirika. Aliyaandika majina yote matano, wavulana watupu, akapiga muhuri, akampa karani ayapeleke kwa mkono. Kisha akamwomba Bisibisi, kwa upole kabisa, awe anashinda pale ofisini siku za kazi. Atapewa kiti.