Viatu vya Kiti cha Tatu

Fundi wa banda la boti alikuwa amepiga magoti ndani ya boti ya makasia, anahangaika na viatu vya kiti cha tatu. Viatu hivyo havitoki botini. Mpiga makasia huingiza miguu, akakaza mkanda kwa nati ya kuzungushwa kwa vidole. Nati zote mbili zilikuwa zimeshika kutu. Alizimwagia mafuta, akazigonga taratibu, akazibana kwa koleo. Wapi.

Binti wa kaka yake bado alikuwa amevivaa.

Boti ilipopinduka, wenzake walichomoka, yeye akazama nayo. Walimzika Ijumaa. Jumatatu akarudi kuketi kitini pake, miguu imebanwa vilevile viatuni, nywele zikichuruzika maji, na wanaklabu wakazoea kupita pembeni wasije wakalowa.

"Shangazi, unaniumiza kifundo."

"Vumilia, mama. Nilimwambia yule mwenyekiti wenu nati zimekufa."

"Nilikusikia. Akasema tumalize msimu kwanza."

Mwenyekiti wa klabu akaingia na kikombe cha chai.

"Shikamoo," binti akamwamkia.

"Marahaba. Hujatoka tu?" Akamgeukia fundi. "Jumamosi tuna mashindano. Nataka kiti kiwe wazi."

"Nipe nati mpya."

"Hizo zina nini? Huyu alipatwa na woga, tulishawaeleza wazazi wake."

"Sikuogopa," binti akasema. "Nilizungusha mpaka kucha zikang'oka."

Mwenyekiti akasogeza kiatu chake, maji yasikifikie.

Fundi akawasha moto wa gesi, akaichoma nati ya kwanza mpaka ikawa nyekundu, akavuta kwa hasira zake zote. Koleo likateleza, likamchuna vidole. Akavuta tena. Ikalia, ikazunguka. Ya pili ikafuata. Binti akachomoa miguu, akaikanda damu ipite, akamshukuru shangazi yake na kutoka nje.

"Sasa zirudishe," mwenyekiti akasema.

"Labda unifukuze."

Mwenyekiti akamfukuza. Nati akazirudisha mwenyewe, zile zile, na wala hakuzipaka mafuta.

Jumamosi kiti cha tatu kilikaliwa na msichana mgeni, mchangamfu, anayewapungia ndugu zake. Fundi alisimama ukingoni katikati ya vigelegele, meno ameyauma. Boti ilipoondoka, binti wa kaka yake aliingia majini na nguo zake, akatembea ubavuni mwa boti, maji yakampita kiuno, yakampita kichwa, mkono mmoja tu ukabaki juu, umeshika ukingo wa boti penye kiti cha tatu.

Mwenyekiti akanung'unika kwamba anawapunguzia mwendo.