Waya wa Ndani

"Rosalba, ukishang'oa huo waya wa intaneti ukutani, una hakika nyumba haina mlango mwingine?" Mama Ocira, jirani yake katika kambi ya polisi Nsambya, alimwuliza hivyo siku moja wakianika nguo. Rosalba alicheka. Mlango gani tena, na waya ameung'oa kwa mkono wake mwenyewe?

Yeye ndiye aliyeandika siri za kikundi cha wajane: nani anameza dawa, nani amefukuzwa na mashemeji. Aliziandikia katika duka la kompyuta la Obura, mtaani Kamwokya. Obura, mwimba sauti ya nne kanisani, alikuwa na kompyuta moja kubwa, na ndani yake aliwaundia wajane kompyuta yao ya programu tupu, isiyoshikika kwa mkono, yenye neno lake la siri. Kila Jumanne Rosalba alifanya ishara ya msalaba, akang'oa waya wa intaneti, ndipo akaandika.

Jumanne hii alifika mapema na Akech, mmoja wa wajane, aliyekuja kumalizia kusimulia habari yake. Akech alibaki nje akifuta tope kwenye kandambili. Ndani, Obura alikuwa akitafuna muhogo, mafuta yakimchuruzika kidevuni, huku akimsomea rafiki yake Taban:

"'Mimi Akech, marehemu aliniachia ugonjwa...' Kumbe! Na anavyojitingisha pale sokoni Owino!"

Taban alicheka hadi akakohoa.

"Umeipata wapi hiyo?" Rosalba aliuliza.

"Aa, mama, karibu. Tunapima mtambo tu."

"Waya niling'oa."

"Uling'oa ya nje, mama. Ya ndani iko tu." Kidole chenye mafuta kikagusa mstari kwenye kioo cha kompyuta. "Huu, programu ndiyo imeutengeneza. Hushiki, lakini unapitisha mambo kama waya wa kweli. Huku kompyuta yangu, kule yenu. Mimi niko mwenye nyumba, nyinyi wageni. Mnachoweka kinapita hapa."

"Na neno la siri?"

"Linafunga mlango wenu. Halifungi waya."

Rosalba alijiona kama mtu aliyekwisha kunywa ndipo akaona panya mtungini. Na kinywa hiki cha Obura ndicho kinachoitikia zaburi kanisani!

"Kata, nione."

Obura akabonyeza. Mstari ukageuka mwekundu. "Basi, mama. Imekwisha."

"Na kilicho tumboni mwako, utakitapikaje?"

Rosalba akageuka. Akech alikuwa amesimama kizingitini, kandambili moja mkononi. Hakumtazama Obura. Alimtazama Rosalba, muda mrefu. Kisha akavaa kandambili yake, akashusha leso usoni, akaenda zake.