Nusu Iliyobaki Hospitali

"Hiyo ni fifi, Baba Esta! Unaitia kwenye safi tena?"

Maige aliitazama pamba yenye madoa mkononi mwake, akacheka, akaitupa palepale kwenye rundo jeupe. Mkewe, Euphrasia, akaiondoa kimyakimya. Huyu ndiye aliyewafundisha majirani wote wa pale Kishapu kuchambua pamba, na leo hajui ipi ni ipi.

Euphrasia alishampata mchawi wake: dawa ya usingizi. Mwezi wa pili Maige alipasuliwa ngiri huko Shinyanga, wakampiga nusukaputi. Jina lenyewe si linasema? Nusu ya mume wake iliamka, nusu ikabaki kulekule. Sasa daktari yuleyule alitaka kumlaza na yeye, amtoe uvimbe tumboni.

"Mayu, ukiuacha utakuua," alisema binti yao, Esta.

"Na nikiamka nusu, nani atamfunga baba yako vifungo vya shati?"

Esta alimgeukia. "Mwaka jana karani wa pamba alitukatalia gunia, akasema tumechanganya fifi. Ukamwita mwizi. Gunia lile alilichambua nani?"

Euphrasia alijua. Alilichambua Maige, kabla hajaguswa na sindano ya mtu. Kwa muda ule alimchukia binti yake.

Hata hivyo alikwenda kumbana daktari. Yule bwana akakuna kidevu. "Mama, wazee wengine huchanganyikiwa wakiamka. Wengi hurudi sawa. Mzee labda alikuwa ameshaanza. Kwa kweli sijui."

Hiyo "sijui" ndiyo iliyomfanya akubali. Mwongo asingekosa jibu.

Siku ya kupasuliwa alifunga vipande viwili vya pamba kwenye pindo la kanga, safi na fifi, akampa mumewe ashike. "Nikiamka, nionyeshe. Nikikosea, Esta ataona."

Alipofumbua macho, mdomo ukiwa mkavu, aliulizia lile fundo kwanza. Maige alifungua kiganja. Alikuwa amelifungua fundo, akavisokota vipande vyote viwili vikawa donge moja.

"Nimekuchambulia," alisema kwa furaha.

Euphrasia alitaka kulia. Badala yake alilichukua lile donge, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kulinyofoa polepole. Kidogo akakiweka huku, kidogo kule, juu ya shuka la hospitali. Esta akainama, akiutazama ule mkono unaweka nini wapi.