Mwomboko wa Wasioweza Kuinama

Usiku wa jana niliota mfuniko wa sufuria ukigongagonga jikoni, ingawa moto nilikuwa nimeuzima. Jogoo alikuwa bado hajawika. Nikaenda kuuuliza kuna nini.

"Tunacheza mwomboko," ukasema mfuniko. "Hatua mbili mbele, kisha kuinama. Kila mtu na mwenzake. Wako yuko wapi?"

"Mume wangu Kariithi alikufa. Naishi peke yangu."

"Pole, mama. Basi kaa ukutani."

Jikoni sasa ni ukumbi wa kanisa. Kodiani ya marehemu inajipiga yenyewe. Mafiga mawili yanacheza pamoja. La tatu limekaa ukutani. Nikaketi kando yake. Lilikuwa bado na joto, likanisogelea.

Upande wa pili yuko Wagaki, jirani yangu, kwenye kiti chake cha magurudumu. Tangu apooze miguu, sijaona mtu akimwomba kucheza.

"Mama Irungu, unangoja nani?"

"Nangoja goti langu."

"Mimi siinami," likasema goti. "Mwambieni huyo mfuniko."

"Nami sijui hata hatua moja," akacheka Wagaki. "Si basi tunafaana?"

Kodiani ikavuta pumzi, ikaishikilia. Mfuniko ukafikiri.

"Haya. Anayejua afuate mwendo wa asiyejua. Asiyeweza kuinama, atainamiwa."

Nikamshika Wagaki mikono. Twaenda hatua mbili, magurudumu yakilia kwii, kwii. Tunasimama wima, na sakafu inainama. Kuta zinainama. Nje, kilima kizima kinainama pamoja na majani yake ya chai. Ng'ombe wanangoja kinyooke, kisha wanaendelea kula. Figa la tatu likaja likajiweka katikati yetu, na hakuna aliyelifukuza.

Wagaki akaona natetemeka. Akavua shali yake ya mistari ya manjano, akanifunga gotini, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Tangu Kariithi aende, hakuna aliyekuwa amenifunika.

Nikaamka. Nyumba kimya. Kikombe kimoja mezani.

Goti langu lilikuwa na joto. Nikafunua blanketi: shali ya manjano, imefungwa fundo.

Nikaikunja, nikavuka ua kuirudisha. Wagaki alikuwa mlangoni, mabega wazi kwenye baridi ile. Hakuuliza nimeitoa wapi.

"Kaa nayo leo," akasema. "Ukinirudishia sasa, kesho utakuja na sababu gani? Njoo tena, Mama Irungu. Hatukumaliza."