Baba wa Kwenye Kitabu Changu

Goma ina wasichana wengi, wazuri, wa kila kabila, na baba zao hawana habari na roman, vile vitabu vya hadithi ndefu. Lakini Cédrick, mudogo wangu, alikwenda kupenda Umurerwa, binti wa Papa Twagirimana. Niliposikia jina la huyo muzee nilishika kichwa. "Mudogo, unataka kuniua?"

Ngoja nieleze vizuri. Mimi ni Mulumeoderhwa, Mushi, mutu wa kabila la Bashi wa upande wa Bukavu, na kazi yangu ni kuandika hadithi. Naandika mambo yetu ya hapa: ndoa, ng'ombe, redio, na politiki inavyoingia nyumbani kwa mutu bila kubisha hodi. Roman yangu ya mwisho ina baba mumoja wa Rutshuru, mufugaji, mutu wa heshima. Kijana Mushi anakuja kuomba binti yake, na baba anamukatalia. Si kwa sababu ya tabia, ni kabila tu. Niliandika hivyo kwa sababu niliyaona, kwao na kwetu pia. Shangazi zangu mwenyewe nawajua! Watu wa politiki walinitukana pande zote mbili: wa kwetu wakasema nimewauza, wa kwao wakasema nimewapaka matope. Sikufuta hata neno moja.

Sasa Papa Twagirimana ni mutu wa Rutshuru. Anauza fromage, yaani jibini, sokoni Birere, na siku moja Cédrick alikiona kitabu changu juu ya meza yake, pembeni ya mizani. Muzee alituruhusu kuja kuomba, ndiyo, lakini kuja si kupewa. Na kwa sababu baba yetu alikwisha kufa, mimi ndiye mukubwa, na ati ninajua maneno, nilichaguliwa musemaji wa familia. Kama yule muzee alijiona ndani ya kitabu, mudogo wangu angerudi nyumbani bila muke, na makambo yote, lawama na aibu, yangekuwa juu yangu.

Tulikwenda Jumamosi, kwao, mutaa wa Mapendo. Walisimamisha hema, wakapanga viti vya plastiki pande mbili, sisi huku na wao kule, vikiyumba juu ya mawe meusi ya volkano. Kwa wenzetu hawa wa Rutshuru, siku ya kuomba, upande wa binti lazima ukatae kwanza. Ni muchezo. Wanakuzushia makosa, unayajibu, watu wanacheka, na mwisho, Mungu akipenda, wanakupa. Musemaji wao alikuwa Papa Byiringiro, muzee mwembamba mwenye ulimi mukali.

"Hatuwajui," alianza. "Mulipotea njia?"

"Hapana, papa. Tulifuata harufu ya maziwa mazuri mpaka hapa."

"Pole yenu. Binti yetu aliolewa jana."

"Hongera! Basi tutakunywa bia yake, tukimaliza tutamuomba mudogo wake, mwenye wanafanana sura na jina."

Hema lote lilicheka. Nikaanza kupumua. Halafu Byiringiro akaingiza mukono ndani ya koti, akatoa kitabu changu.

"Uliandika wewe?"

"Ni mimi, papa."

"Humu baba wa kwetu anamunyima Mushi binti. Umekwisha kutujibia. Sasa unakuja kuomba nini?"

Hakuna mutu alicheka. Nilimuangalia usoni nione kama bado tunacheza, sikuona kitu. Nyuma yangu wajomba walianza kutafuta kofia zao. Hasira ikanipanda, kwa sababu mimi niko hivyo, nikiogopa nakasirika.

"Kama ni kwa sababu ya kitabu, munikatae mimi!" nilisema kwa sauti. "Mimi nina muke tayari. Huyu kijana hajaandika hata barua, mumuonee huruma!"

Papa Twagirimana akainua mukono. Kwa desturi alipaswa kunyamaza, musemaji wake aseme. Lakini alisimama, mutu munene mwenye pumzi fupi, akanigeukia.

"Mama Umurerwa ananisomea hicho kitabu," alisema. "Hatujafika mwisho. Niambie wewe mwenyewe. Yule baba, mwisho anamutoa mutoto aolewe?"

Cédrick alinikanyaga muguu, kwa nguvu. Nilimuelewa vizuri: sema ndiyo. Neno moja tu na tungekaa kula. Nani angeanza kutafuta ukurasa wa mwisho pale mbele ya wageni? Kuzua ni kazi yangu ya kila siku, lakini ile "ndiyo" niliikataa. Yule baba nilimujua sana, nilikaa naye miaka, sikuweza kumusemea uongo.

"Hapana, papa. Hamutoi. Anakufa hajamutoa."

"Ee Mungu wangu," mama mumoja alisema. Cédrick aliachia muguu wangu, akainama.

Muzee alitikisa kichwa polepole. "Nilijua. Nilijua kwa sababu na mimi ningefanya vile vile. Huyu kijana alipogonga mulango wangu mara ya kwanza, jibu lake nilikuwa nalo: ni Mushi, hapana, basi. Halafu mama akaanza kunisomea. Nikamuchukia yule baba! Kila sura namuchukia zaidi. Nikamuambia mama, huyu mutu ana kichwa kigumu, hapendi mutoto wake. Mama akafunga kitabu, akaniangalia." Alijipangusa midomo. "Mimi sitaki kufa kama yeye. Mulete mutoto."

Wamama walipiga vigelegele mpaka majirani wakatokea. Umurerwa alitoka na dada zake, amevaa mushanana mweupe, ile nguo ya sherehe inayofungwa begani, akielekea moja kwa moja kwa Cédrick, mwenye alikuwa bado ameinama, hajui kama amepewa. Wajomba walirudisha kofia chini ya viti. Byiringiro alinigonga bega akicheka, "Jasho hilo, bwana! Hata mimi sikujua atasema nini."

Nilikaa chini. Kitabu kizima niliandika ili mutu amuchukie yule baba, na sikuwahi kufikiri kwamba mwenye atamuchukia sawasawa atakuwa baba kama yeye. Nikaanza kulia, mimi musemaji wa familia, mbele ya wakwe, kwa furaha, na sikuona haya hata kidogo.